Methali Mbili Juu ya Ubao wa Sataranji

Wahenga walituachia methali mbili zinazoonekana kukinzana: haraka haraka haina baraka, na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kijana mmoja wa Lowarengak, mwana wa mvuvi, alizisoma zote mbili darasani asijue kwamba siku moja zingemkabili kwa pamoja mjini Lodwar, mbele ya ubao wa sataranji.

Mpinzani wake alikuwa msichana aliyejifunzia mchezo huo Kakuma, ambako mwaka 2021 Shirikisho la Sataranji Duniani (FIDE) na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa (UNHCR) yalianzisha mradi wa kuwafundisha wakimbizi. Kila mchezaji alipewa dakika 30. Kijana alitumia dakika 20 katika hatua kumi za mwanzo, akipima yasiyohitaji kupimwa. Hata hivyo alipata ngome moja zaidi, ushindi ukakaribia. Ndipo alipoitazama saa: dakika mbili tu! Mkono ukatangulia akili. Alimsogeza malkia hadi penye njia ya farasi wa mpinzani. Na kwa kuwa kete iliyoguswa haina budi kuchezwa, hapakuwa na kurudi nyuma.

Yamkini mtu atailaumu saa. Lakini mwaka 2006 mjini Bonn, Vladimir Kramnik, aliyekuwa bingwa wa dunia, alicheza kwa utulivu dhidi ya programu ya kompyuta iitwayo Deep Fritz asione kwamba mfalme wake angenaswa kwa hatua moja. Ni dhahiri kuwa muda peke yake hauzuii kosa. Mchezaji hana budi kujiuliza, kabla ya kunyanyua mkono: mwenzangu anataka nini?

Likizo ilipowadia, kijana alimsimulia baba yake. Mzee hakuijua sataranji, ila aliujua upepo wa Ziwa Turkana.

"Mwanangu," alisema, "nyavu hushonwa nchi kavu. Ukiwa majini, macho ni ya upepo."

Tangu hapo kijana huzipitia hatua za mwanzo mapema, akazicheza bila kusita, na dakika zake akaziweka kwa ajili ya penye hatari. Bado hushindwa mara kwa mara. Lakini methali zile hazimkanganyi tena, kwani amejua kila moja ina wakati wake.