Tangu Kadi za Salamu

Zamani, mtu wa Ugogo aliyetaka jina lake lifike Bukoba alinunua kadi ya salamu. Aliandika jina lake na mahali alipo, akaorodhesha watu anaowasalimu, akamalizia na ujumbe mfupi, kisha akaituma Radio Tanzania Dar es Salaam. Baada ya hapo ilikuwa kungoja. Siku mtangazaji alipolifikia jina lako, nyumba nzima ilinyamaza, na kesho yake hata mtu uliyekutana naye kisimani alikuwa amekwisha kukusikia. Wagonjwa walikuwa na kipindi chao, Ugua Pole, nasi wazima tulikuwa na vyetu.

Nimekulia karibu na Kigwe, kandokando ya reli ya kati, magharibi mwa Dodoma ukielekea Bahi. Redio yetu ilikuwa ya National, na betri zilipochoka tulizianika juani ili zituvushe walau siku mbili tatu. Barua zetu zilipitia sanduku la posta la shule. Kwa njia hiyo nilipata marafiki wa Tabora, Mbeya na Mtwara ambao sikuwahi kuwaona. Nilijua nani amefiwa na nani amepata mtoto. Jina fulani likikaa muda mrefu bila kusomwa, tuliulizana kulikoni.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba mtandao ndio uliotufundisha urafiki na watu tusiowaona. Urafiki huo tulikuwa nao tayari, na tuliutunza vizuri. Ila kwenye redio tulipeana majina, basi. Sauti iliyosikika ilikuwa ya mtangazaji. Mimi na wewe hatukusikika. Ukiwa na kitu unachokipenda, ukakijua kwa mikono yako, hukuwa na njia ya kukifikisha kwa mwenzako wa mbali.

Mimi nilikuwa na ilimba. Alinifundisha mjomba wangu, jioni, baada ya mifugo kuingia zizini. Ni sanduku la mti lililochongwa likaachwa wazi ndani, juu yake vimepangwa vyuma vyembamba vilivyofuliwa, unavyovipiga kwa vidole gumba. Mjomba alinifundisha kwanza kuilinganisha kabla ya kuipiga. Ukikivuta chuma mbele, urefu wake unaongezeka na sauti inashuka. Ukikirudisha nyuma kidogo, sauti inapanda. Baadhi ya vyuma havipigwi kabisa: vimewekwa viitikie vyenyewe vingine vinapopigwa. Na kwenye matundu ya sanduku hubandikwa utando mwembamba wa buibui, ule anaofunikia mayai yake, ili kila sauti itoke na mvumo wake.

Kwenye kadi zangu niliandika "mpiga ilimba wa Kigwe". Jina hilo ndilo lililomleta rafiki mmoja wa Manyoni, naye mpiga ilimba, aliyeniandikia barua akitaka tubadilishane nyimbo. Kubadilishana nyimbo kwa barua! Tulijaribu kwa moyo wote. Alihesabu vyuma vyake kutoka kushoto, akaniandikia namba: hiki, kisha kile, kisha viwili kwa pamoja. Nilizifuata namba zake moja baada ya nyingine, ukatoka wimbo usiofanana na wimbo wowote ninaoujua. Nami nilimwandikia zangu, naye akajibu kwa upole kwamba labda ilimba yake imeharibika. Baadaye tukaanza kutumiana kaseti kwa wasafiri wa treni. Kaseti zilisaidia, lakini moja ilichukua majuma kufika, na nyingine haikufika.

Ajabu ya miaka ile ni kwamba ilimba yenyewe ilikuwa imesafiri kuliko sisi sote. Hukwe Zawose, mtoto wa Doduma, huku huku Ugogo, alipelekwa Dar es Salaam baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na muziki wake, kisha akaishi Bagamoyo. Rekodi zake zilitolewa Uingereza na Real World, kampuni ya Peter Gabriel, ikiwamo Chibite ya 1996. Alipofariki Desemba 2003, watu wa Ulaya walikuwa wameisikia ilimba ya Mgogo ukumbini, ilhali mimi na mwenzangu wa Manyoni, tuliotenganishwa na vituo vichache vya reli, bado tulikuwa tunahangaika na namba za vyuma na kaseti.

Intaneti ilipofika Dodoma mjini niliitumia kama watu wengine, kwa kukodi muda kwenye vyumba vya kompyuta vya katikati ya mji, nikilipia dakika na kuandika kwa haraka. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza 2007, na wanafunzi wake wakaujaza mji watu wenye haja ya mtandao. Mwaka 2009 waya wa intaneti wa SEACOM ulifika pwani yetu kupitia baharini. JamiiForums ilikuwapo tangu 2006, na huko nilisoma mengi, ila mijadala ya siasa na maisha ndiyo iliyotawala. Ilimba sikuiona ikizungumzwa. Kwangu mimi badiliko lenyewe lilikuja baadaye, simu janja ziliposhuka bei hadi mwalimu wa shule ya msingi kama mimi akaweza kununua moja, na mtu akaweza kubonyeza kitufe, akapiga chombo chake, akaachia, na sauti ikaenda.

Kundi letu la kwenye simu lilizaliwa Chamwino, kwenye tamasha la muziki wa Wagogo linalofanywa na Kituo cha Sanaa Chamwino. Vikundi hutoka vijiji vingi. Wanawake hupiga muheme, ngoma wanayoibana katikati ya magoti, na wazee huja na mazeze yao. Mwaka niliokwenda, kijana mmoja aliyesoma chuo kikuu alizunguka akikusanya namba za simu za kila aliyeshika ilimba au zeze. Jioni ile ile tulikuwa kundini. Leo tumo watu wa kila namna: mafundi wachongaji, mkunga wa Mvumi, dereva wa lori la mahindi wa Kibaigwa, mwashi anayejenga Mtumba kwenye mji wa Serikali, Wanyaturu wawili wa Singida, na binti wa Kigogo anayeishi Sweden ambaye hujifunza usiku baada ya kazi. Asubuhi huanza na salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi", na wadogo huwaamkia wakubwa hata kama wamechelewa kazini.

Masharti yetu yanajulikana: hakuna siasa, hakuna matangazo ya biashara, hakuna ujumbe wa kusambazwa usiojulikana ulikotoka. Wapo waliojitoa kwa sababu hiyo, na sioni ubaya. Nimewahi kuwa kwenye makundi makubwa ya kila kitu, ambako mtu anaweka jambo alilolihangaikia usiku kucha, na kabla halijasikilizwa limezikwa chini ya picha za maua na salamu za wikiendi. Kundi la kitu unachokipenda linahitaji kulindwa.

Mwenzangu wa Manyoni aliingia kwa kuletwa na mjukuu wake. Sauti yake ya kwanza ilikuwa salamu fupi, ikafuatwa na ule wimbo alioniandikia kwa namba zamani. Niliusikiliza huku nimesimama katikati ya darasa tupu. Kisha alituma picha ya ilimba yake, nikaelewa kila kitu: chuma chake kirefu kilikaa kushoto ambako changu kilikaa karibu na katikati, na vile visivyopigwa alivihesabu pamoja na vinavyopigwa. Hakuna barua ambayo ingeweza kulionyesha hilo. Picha moja ilitosha.

Mabishano makali kuliko yote yalihusu kulinganisha. Kijana mmoja alipakua programu ya simu ya kupimia sauti, akatangaza kwamba ilimba za wazee karibu zote zina sauti iliyoteleza, akaanza kuirekebisha yake ifuate simu. Fundi mmoja wa Bahi alimjibu, kwa heshima lakini bila kulegeza, kwamba iliyoteleza ni simu. Fundi alikuwa sahihi. Muziki wa Kigogo unafuata sauti zilizomo ndani ya sauti yenyewe. Gusa uzi wa zeze kwa wepesi sehemu mbalimbali, utasikia sauti ndogo zikitoka moja juu ya nyingine. Nyimbo zetu za nindo, zenye waimbaji wengi wa sauti tofauti, zimejengwa juu ya ngazi hiyo. Ile ya saba katika ngazi hiyo iko chini ya sauti inayokaribiana nayo kwenye kinanda, kwa karibu theluthi ya hatua ndogo. Programu, iliyotengenezwa kwa ajili ya kinanda na gitaa, haina mahali pa kuiweka, ikaihesabu kosa. Mtaalamu wa muziki kutoka Hispania, Polo Vallejo, alitumia miaka akiuchunguza mpango huu kwa Wagogo wa Nzali. Yule kijana alirudisha vyuma vyake mahali pake, na sasa ndiye anayewaeleza wageni.

Simu ina udhaifu mwingine unaotuumiza. Ule mvumo wa utando wa buibui, ambao kwa masikio yetu ni nusu ya utamu, simu nyingi huuchukulia kuwa kelele, zikaupunguza. Sauti inafika safi mno, imenyolewa. Tumejifunza kuiweka simu mbali kidogo na tundu na kurekodi kwa video, kwani mara nyingi video huuacha mvumo upite. Binti wa Sweden alipoisikia ilimba ya mjomba wake kwa njia hiyo aliomba airudie. Mjomba akarudia hadi bando likaisha.

Siku ambayo sitaisahau ni siku mmoja wetu alipoleta rekodi za Hugh Tracey, yule Mwingereza aliyezunguka Afrika na mashine za kurekodia na kuanzisha maktaba ya muziki wa Afrika mwaka 1954, huko Afrika Kusini. Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na kuwarekodi Wagogo. Rekodi hizo zilikaa kwenye sahani na makabati, mbali na watu waliozipiga. Sasa ziliingia kwenye simu ya mzee wa Kigwe, aliyekuwa mtoto mdogo mwaka ule. Mzee hakusema neno hadi rekodi ikaisha. Kisha akasema kwamba huyu anapiga kwa mkono wa watu wa upande wa mashariki, akaeleza tofauti kidole kwa kidole, na mjukuu wake akairekodi sauti yake akaituma. Nadhani maelezo hayo ya mzee yana thamani sawa na rekodi yenyewe, na yangekwenda naye kaburini kama asingepata wa kumuuliza.

Si kila kitu kinafaa kuulizwa wala kusambazwa. Mwanachama mmoja aliwahi kuweka nyimbo za makumbi, zile za jando, alizorekodi porini kwa siri. Wazee hawakupiga kelele kundini. Walimpigia simu mkunga wa Mvumi, naye akaandika kwa maneno machache kwamba nyimbo zile zina mahali pake na watu wake, tena kundini mna wanawake na watoto wanaoshika simu za wazazi. Rekodi ilifutwa kabla ya jua kuzama. Namshukuru mno mama yule. Enzi za kadi ya salamu hatari hiyo haikuwapo, kwa sababu kadi haikuweza kubeba kitu kizito kiasi hicho. Chombo cha leo kinabeba chochote, basi mpaka lazima tuuweke sisi.

Ninalolihangaikia zaidi ni wale walio nje. Wapigaji hodari ninaowajua wana simu za tochi, au hawana kabisa. Kundi linawafikia kwa mkono wa mjukuu, na mjukuu akienda Dar es Salaam kutafuta kazi, mzee anakatika. Kwa hiyo wachache wetu tumejipangia kuwatembelea, tukipeleka simu na maswali ya wenzetu na kurudi na majibu. Kifuku kikianza, kila mtu yuko shambani na uwele na mtama wake, na kundi hunyamaza hadi mavuno. Hakuna anayelalamika.

Sifa za muziki huu hazijapungua nje. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, wanaojiita The Zawose Queens, walitoa albamu yao Maisha kupitia Real World ile ile. Ni wanawake wa ukoo ambao ala zake kwa muda mrefu zilishikwa na wanaume. Ilipotoka, wasichana wawili wa kundini waliuliza ni nani atakayewachongea ilimba zenye ukubwa wa mikono yao, na mafundi watatu walijibu kabla ya saa sita mchana.

Kwa sasa kazi iliyo mezani ni ya Singida. Mmoja wa wale Wanyaturu anajichongea ilimba ya kwanza kwa kufuata picha zetu. Sanduku ameshalimaliza, lakini vyuma alivyofua kwa spoki za baiskeli vinatoa sauti kavu. Fundi wa Bahi amemwambia avipige zaidi ncha hadi viwe bapa, asiviguse shingoni. Dereva wa Kibaigwa ameahidi kumpelekea vyuma vya mfano Alhamisi, akipita na lori. Mwenzangu wa Manyoni amemwandikia kwamba asipange chochote kwa namba, atume picha kwanza.