Nani Anaisimulia Ndoa Hii?

Nilianza kupenda vitabu vya maisha ya watu mashuhuri kwa sababu ya harusi. Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani Ngamiani, Tanga, na mwaka 1981 baharia mmoja wa ukoo wetu alimletea gazeti la Kiingereza lenye picha za harusi ya Charles na Diana, iliyofungwa London tarehe 29 Julai. Shangazi hakujua Kiingereza, lakini nguo aliijua. Nilipomsomea kwamba mkia wa lile gauni ulikuwa na urefu wa futi 25, alipiga hesabu papo hapo: zaidi ya yadi nane za kitambaa zinaburuzwa sakafuni. Siku zile kwetu kupata doti moja ya khanga kulitaka kupanga foleni tangu alfajiri, na pengine zamu ikufikie bidhaa zimekwisha. Akaniambia, "Hebu soma tena hapo pa mkia, mwanangu." Nikasoma.

Kwa miaka mingi nilisoma hivyo hivyo. Nilipohamia Dar es Salaam nilivinunua kwa wauza vitabu vya mitumba waliotandaza bidhaa zao kando ya barabara za mjini: akina Kennedy wa Marekani, Grace Kelly na ukoo wa Grimaldi wa Monaco, Onassis na meli zake. Nilitaka kujua nani kamwoa nani, nani karithi nini, ugomvi ulianzia wapi. Alichosema mwandishi nilikipokea kama kilivyo, nikafunga kitabu nikafungua kingine.

Kilichoanza kunibadilisha ni kitabu cha Andrew Morton juu ya Diana, kilichotoka mwaka 1992. Kilieleza ndoa yenye majonzi makubwa, nao wengi wakakibeza wakidai ni porojo za marafiki. Diana alipofariki Paris tarehe 31 Agosti 1997, Morton alitoa toleo jipya na kufichua kwamba chanzo chake kikuu alikuwa Diana mwenyewe. Rafiki yake, daktari James Colthurst, alikuwa akimpelekea maswali ya mwandishi, naye akiyajibu kwenye kinasa sauti. Nilikisoma kitabu upya. Sentensi zilikuwa zilezile, ila sasa kila palipotajwa rafiki nilimsikia mke. Nikakumbuka pia kwamba mwaka 1994 ulikuwa umetoka wasifu wa Charles ulioandikwa na Jonathan Dimbleby kwa ushirikiano wa Charles mwenyewe. Ndoa ilikuwa moja, na kila upande ulikuwa na kitabu chake. Tangu hapo, kabla sijaamini neno lolote, nauliza: habari hii imetoka kinywani mwa nani, na mwenzake amepewa nafasi gani ya kusema?

Swali hilo lilinipeleka kwa Nelson na Winnie Mandela, nami sijatoka huko hadi leo. Walioana tarehe 14 Juni 1958 kule Bizana, Mandela akiwa katikati ya kesi ya uhaini na amepewa ruhusa ya siku sita tu kutoka Johannesburg. Katika tawasifu yake ya mwaka 1994 anasimulia jambo dogo ambalo mimi naliona kubwa. Kipande cha keki kilifungwa ili bibi harusi akipeleke nyumbani kwa wazee wa mumewe, ambako sehemu ya pili ya harusi ingekamilishwa kwa mila zao. Safari hiyo haikufanyika. Winnie alikitunza kile kipande miaka nenda miaka rudi, mumewe akiwa gerezani.

Kwa upande wa mume tunasoma juu ya mke anayesubiriwa, mwenye barua na picha. Mandela anasimulia siku ya mwaka 1984, gereza la Pollsmoor, waliporuhusiwa kukumbatiana baada ya miaka 21 ya kuonana kupitia kioo. Nililia niliposoma hapo, na sioni haya kusema. Lakini Winnie naye alikuwa na miaka yake. Mwaka 1969 alikamatwa akawekwa kizuizini siku 491, nyingi kati ya hizo akiwa peke yake. Aliyoyaandika humo yalibaki kwa wakili wake, na baada ya miaka mingi mjane wa wakili huyo akamrudishia karatasi hizo. Zikachapishwa mwaka 2013. Mwaka 1977 alihamishwa kwa nguvu na kutupwa Brandfort, mji ambao hakuwa na ndugu wala jamaa. Binti zake, Zenani na Zindzi, walikua bila kuruhusiwa kumtembelea baba yao Robben Island hadi walipotimiza miaka 16.

Anayempenda Winnie hana budi kusoma pia habari za Stompie Seipei, mtoto wa miaka 14 aliyeuawa baada ya kutekwa na walinzi wa Winnie, na hukumu ya mwaka 1991 iliyomtia Winnie mwenyewe hatiani kwa utekaji. Yeye na Mandela waliachana kisheria mwaka 1996. Nimesoma vitabu vinavyomfanya mume malaika na mke shetani, na vingine vinavyogeuza kibao. Vyote viwili vinawadhulumu. Utawala wa makaburu uliitenganisha ndoa ile kwa miaka 27 na kumfinyanga kila mmoja kivyake. Waliporudiana walikuwa watu wawili wasiofahamiana. Msomaji anayetafuta mkosaji mmoja tu hataliona hilo.

Baadaye nilirudi nyumbani, kwenye Kumbukumbu za Binti Mfalme, za Salme binti Said, mtoto wa Sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ndio uliomfanya awe mwandishi wa barua za kaka yake Barghash katika uasi wa mwaka 1859 dhidi ya kaka yao Majid. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa meli ya kivita ya Waingereza, akaolewa Aden na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, na mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu. Mapenzi yao, ambayo ndiyo hasa watu hununulia kitabu hicho, ameyapitia harakaharaka. Alipokaa ni kwenye nyumba ya baba yake: vyumba, mavazi, ndugu wa mama mbalimbali.

Zamani ningebaki na vito na vyumba. Sasa nawatazama wanaopita nyuma yake wakibeba maji na watoto. Salme, ambaye mama yake mwenyewe alinunuliwa akiwa mtoto, aliwatetea wenye watumwa mbele ya wasomaji wake Wajerumani. Yeye alijua kuandika, ndiyo maana tunaye. Waliomlea hawakuandika, na majina yao mengi hatunayo.

Ndiyo maana nina ombi kwa waandishi wetu. Mwaka 2020 Mwalimu Nyerere aliandikiwa wasifu mkubwa wa juzuu tatu na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata. Kazi ya heshima, lakini iliandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu alipoacha kufundisha Pugu mwaka 1955 kwa ajili ya TANU, mshahara ulikatika, na Mama Maria akafungua duka dogo nyumba ipate kula. Historia ya chama inapaswa kulitaja duka hilo pamoja na mikutano ya hadhara. Kiswahili kina mfano mzuri wa kufuata: Shaaban Robert alimwendea mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad akiwa bado hai, akamhoji, akatuachia wasifu wake. Wake na waume wa waliojenga nchi hizi, pamoja na waliowapikia na kuwalelea watoto, wengine wangali nasi. Nendeni mkawaulize leo, mume na mke kila mmoja kwa wakati wake, na myaandike majibu yao kwa lugha waliyoyasemea.