Kurudi Kilwa: Tule Tulicho Nacho

Ndugu msomaji, watu wengi husema "Kilwa" kama kwamba ni mji mmoja. Sivyo. Kilwa ni tatu. Ya kwanza ni Kilwa Kisiwani, mji wa kale sana uliojengwa katika kisiwa. Ya pili ni Kilwa Kivinje, mji wa majahazi na wa misafara ya zamani. Ya tatu ni Kilwa Masoko, makao makuu ya wilaya. Zote zimo katika Mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania.

Mimi nilizaliwa huko. Sasa ni bwana shamba mkoani Morogoro. Nilipopata likizo nilikwenda kuwatembelea wenzangu niliosoma nao shule ya msingi. Tulikuwa wanne. Mmoja ni mvuvi, anakaa Masoko. Wa pili ni mkulima, anakaa karibu na Kivinje. Wa tatu alihamia Lindi mjini na kufia huko, lakini mama yake yupo. Wa nne ni mimi.

Katika safari hii nilikula nyumba tatu. Niliona kuwa chakula huwaunganisha marafiki. Niliona pia kuwa aibu ya chakula huwatenga. Hilo ndilo nataka tulizungumze.

NJIA YA KUSINI

Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni karibu kilomita 300. Siku hizi unapanda basi asubuhi Mbagala. Unapita Kibiti na Ikwiriri. Unavuka Mto Rufiji, na mchana umefika Nangurukuru. Hapo njia zinagawanyika. Moja inakwenda Kivinje na Masoko. Nyingine inaendelea hadi Lindi.

Zamani haikuwa hivyo. Mto Rufiji haukuwa na daraja pale Ndundu. Magari yalivushwa kwa pantoni. Pantoni likiharibika, abiria walilala ukingoni mwa mto. Ng'ambo ya pili kulikuwa na matope hadi Somanga. Wakati wa masika basi liliweza kukwama siku nyingi. Kwa hiyo msafiri mwenye akili alibeba unga na sufuria. Mwenye unga alimtafuta mwenye chumvi. Mwenye chumvi alimtafuta mwenye samaki mkavu. Watu wasiojuana walikula pamoja kando ya njia, na wengine walibaki marafiki mpaka leo.

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa. Urefu wake ni karibu kilomita moja. Baadaye barabara ya lami ilikamilika. Hata hivyo maji yana nguvu. Mwezi wa Mei mwaka 2024 mvua kubwa na Kimbunga Hidaya zilikata barabara upande wa Somanga, na magari yakakwama. Basi, ukitaka kwenda kusini wakati wa masika, uliza kwanza hali ya njia.

MASOKO: CHAKULA KUTOKA BAHARINI

Mwenzangu mvuvi alinipokea pwani. Alikuwa anatengeneza nyavu. Aliponiona alicheka, akasema, "Bwana Shamba, umenenepa! Huko Morogoro mnalima au mnakula tu?"

Nyumbani kwake tulikula pweza wa nazi na ugali. Pweza huyo alivuliwa na mke wake. Maji yakipwa, akina mama wa pwani hutembea juu ya miamba na fimbo. Humtafuta pweza katika shimo lake na kumtoa.

Mwenzangu alinieleza habari za pweza, nami nilizipenda. Pweza hukua upesi sana. Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake. Huyalinda mayai mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Kwa hiyo ukimvua kabla hajataga, umevua na watoto wake wote. Ndiyo sababu baadhi ya vijiji vya pwani yetu hupatana kufunga sehemu ya miamba kwa miezi michache. Sehemu hiyo haivuliwi. Siku ya kufungua, watu hupata pweza wakubwa.

Alinikumbusha pia ubaya wa baruti. Kwa miaka mingi pwani ya Kilwa na Lindi iliumizwa na uvuvi huo. Baruti huua wakubwa na wadogo. Huvunja na matumbawe, ambayo ndiyo nyumba ya samaki. "Anayevua kwa baruti," mwenzangu alisema, "anakula chakula cha mjukuu wake."

Alinipa kile ambacho bahari ilimpa siku ile. Hakukopa chochote dukani. Tulikula, tukanawa, tukazungumza mpaka usiku.

KISIWANI: SULTANI ALIYEKULA NA MASIKINI

Kesho yake tulivuka kwa dau kwenda Kilwa Kisiwani. Si mbali. Huko kuna magofu ya Msikiti Mkuu, jumba la Husuni Kubwa na ngome iitwayo Gereza. Mwaka 1981 magofu haya na yale ya Songo Mnara yaliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Lakini kisiwa si magofu tu. Wananchi wanaishi huko. Wanalima na kuvua.

Zamani Kilwa ilitajirika kwa biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, huko Msumbiji. Ilitengeneza hata fedha zake yenyewe. Mwaka 1331 alifika msafiri mmoja kutoka Moroko, jina lake Ibn Battuta. Alimkuta sultani aliyeitwa al-Hasan bin Sulaiman. Watu walimpa sultani huyo jina la Abu al-Mawahib, maana yake ni Baba wa Zawadi. Msafiri aliandika kuwa sultani huyo alikuwa mnyenyekevu. Alikaa na masikini na kula pamoja nao.

Msafiri aliandika pia kwamba sultani alishambulia nchi za bara na kuteka mali. Kwa hiyo zawadi nyingine zilitoka katika jasho na machozi ya watu. Hilo si jambo la kuiga. La kuiga ni lile la kukaa chini na kula na mwenzako, hata kama wewe una cheo naye hana.

Mwaka 1505 Wareno waliiteka Kilwa. Utajiri wa kisiwa ulikwisha. Desturi ya kumkaribisha mgeni haikwisha. Tulipopita karibu na nyumba moja tuliitwa, "Karibuni, tunakula!" Hatukujuana na wenye nyumba. Tulinawa, tukaonja muhogo wa kuchemsha, tukashukuru.

KIVINJE: KILO 40 ZA UFUTA

Kivinje ina historia nzito. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa iliishia hapo. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga hapo Hassan bin Omari Makunganya, kwa sababu aliwapinga. Miaka 10 baadaye, mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilianza katika milima ya Matumbi, upande wa bara wa nchi hiyo hiyo ya Kilwa.

Mwenzangu wa pili analima muhogo, mtama na ufuta. Nilifika wakati ufuta ungali shambani. Alifurahi sana kuniona. Alinipa kiti kizuri. Kisha akamtuma mtoto kumwita mtu fulani. Mtu huyo alikuja, wakasimama pembeni chini ya mwembe. Nilisikia mwenzangu akisema, "Kilo arobaini. Nitakupa nikivuna."

Mimi ni bwana shamba. Maneno hayo ninayajua. Mkulima anapewa fedha kidogo leo. Kisha analipa kwa mazao, na mazao hayo yanahesabiwa kwa bei ya chini. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mnadani kilo moja ya ufuta ni shilingi 3,000. Mtu huyo anatoa shilingi 1,500 leo. Kwa kilo 40 mkulima anapata shilingi 60,000. Angesubiri mnada angepata shilingi 120,000. Kwa hiyo amepoteza shilingi 60,000 kwa muda wa wiki chache tu.

Nilimwita mwenzangu, nikamwuliza, "Ndugu yangu, kilo arobaini ni za nini?"

Alitazama chini. Akasema, "Za mchele na jogoo. Wewe umesoma, umetoka mbali. Watu watasema nini nikikupa bada?"

Bada ni ugali wa unga wa muhogo. Sisi sote tulikulia bada.

Nikamwambia, "Watu watasema umempa mwenzako chakula chake. Lakini nikila ufuta wako ungali shambani, nitakuwa nimekula madaftari na sare za watoto wako."

Mke wake alikuwa jikoni. Alisema kwa sauti, "Shemeji, mwambie tena! Mimi nimesema nimechoka."

Mtu yule aliondoka bila kupatana. Mwenzangu hakufurahi mara moja. Alikaa kimya. Ililetwa bada ya moto, pamoja na kisamvu na ng'onda wa kukaanga. Tulinawa, tukakaa mkekani. Watoto wakubwa walikula nasi sinia moja. Matonge machache ya kwanza tulikula bila maneno. Kisha mwenzangu akasema, "Unakumbuka tulivyoiba maembe ya mwalimu?" Tukacheka mpaka tukashindwa kumeza.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa kazi siku ya pili. Tulikwenda shambani. Ufuta hukatwa pale maganda ya chini yanapogeuka manjano na kuanza kupasuka. Ukingoja maganda yote yakauke, mbegu humwagika ardhini. Tulifunga matita, tukayasimamisha juu ya turubai yakauke. Mbegu zinazodondoka hubaki katika turubai. Jioni mwenzangu alisema kuwa ufuta wake wote ataupeleka katika ghala la chama cha ushirika, ukauzwe mnadani.

LINDI: MAMA WA MWENZETU

Kutoka Nangurukuru nilikwenda Lindi. Njia inapita Mandawa na Kiranjeranje. Inavuka Mto Mbwemkuru na kupita Mchinga. Kisha unaiona ghuba ya Lindi. Ng'ambo ya maji ni Kitunda, na vyombo vinavusha watu kutwa.

Nilikwenda kuhani kwa mama wa mwenzetu. Nilimwamkia, nikampa pole. Nilimletea mchele, sukari na mbegu za mboga. Alinishika mkono muda mrefu. Mezani aliweka ming'oko, mizizi ya porini ambayo watu wa Lindi na Mtwara huichemsha na kuila. Baadaye alipika wali wa nazi na mbaazi.

Tulipokuwa tunakula, alisema maneno ambayo sijayasahau. "Wenzake mwanangu wanapita hapo barabarani. Wananiona, wanainamisha kichwa. Najua sababu. Wanaona haya kuja mikono mitupu. Mwanangu, haya yao imenifanya nile peke yangu."

Nilimwuliza niwaambie nini. Alijibu, "Waambie waje na njaa. Kupika ninaweza bado."

MAMBO YA KUKUMBUKA

Ndugu msomaji, kule Kivinje mwenyeji aliona haya kwa sababu ana muhogo. Kule Lindi wageni waliona haya kwa sababu hawana kitu. Haya ya kwanza ilikaribia kuleta deni. Haya ya pili ilimwacha mama mzee mpweke. Zote mbili tunaweza kuziacha. Tufanye hivi:

Kwanza, toa habari kabla ya kwenda. Mwenyeji akijua siku yako, hatahangaika.

Pili, ukiweza, nenda na chakula. Kilo mbili za mchele au kipande cha sabuni ni msaada. Mbegu nzuri ni msaada wa mwaka mzima. Usipoweza, nenda hivyo hivyo, ukamsaidie mwenyeji kazi.

Tatu, kula kile ambacho nyumba hiyo inakula. Mwenyeji asikope, wala asiuze mazao yangali shambani kwa ajili ya mgeni.

Nne, tazama sahani za wengine. Mara nyingi mgeni hupewa kipande kikubwa cha samaki, na mtoto hupewa mchuzi. Mtoto anakua. Mama mjamzito analisha watu wawili. Wao wanahitaji samaki, maharage na mbaazi kuliko mgeni aliyeshiba. Mgeni mwema humega kipande chake na kumpa mtoto.

Tano, usingoje msiba. Tunakusanyika wengi kwenye mazishi na kula pamoja. Kisha tunatawanyika, na wafiwa wanabaki peke yao. Rudi baada ya mwezi mmoja. Rudi tena baada ya mwaka.

Wewe unayesoma gazeti hili sasa unajua kuandika. Mfikirie rafiki mmoja ambaye hujamwona siku nyingi. Chukua karatasi au simu, umwandikie maneno machache: "Nitakuja Jumamosi. Msikope kitu. Nitakula mnachokula."