Kamera ya Chama: Tulivyochagua Nyingine



Majuma matatu barua hii imefika mikononi mwenu bila foto hata moja. Wengi mmetuuliza sokoni, wengine mmetuuliza mlangoni pa kanisa: foto ziko wapi? Leo tunajibu, na tunaeleza pesa ya sanduku imefanya kazi gani, maana sanduku ni la wote.

Kamera yetu ya zamani ilikufa mtoni. Wamama wawili walikuwa wakirudi kwa mtumbwi wa moteri toka Yangambi, walikokwenda kupiga foto za harusi. Upepo wa mvua ukashuka ghafula, mtumbwi ukayumba, kila mtu akashika mbao, na mfuko ukaenda majini. Mungu asifiwe, hakuna mtu aliyeanguka. Mvuvi mmoja aliuokota mfuko, lakini maji yalikuwa yameingia mpaka ndani ya lensi. Tuliikausha kamera siku nyingi. Haikuamka tena.

Kitu kimoja kilipona, nacho ni kadi ndogo ya kumbukumbu. Tuliitoa, tukaipangusa, tukaiacha ikauke kivulini, kisha tukaitia katika kompyuta ya mwalimu mmoja. Foto zote zilikuwamo. Kati yake kulikuwa na foto ya mtoto mchanga akipimwa uzito kwenye kituo cha afya, amekunja uso kama mzee aliyekatazwa tumbako. Mtoto yule alifariki kwa malaria msimu huu wa mvua, na mama yake hana foto nyingine. Tulipompa ile ya karatasi aliishika muda mrefu, kisha akaifunga ndani ya kitambaa chake. Toka siku ile hakuna aliyeuliza tena kama chama kina lazima ya kamera. Tuliulizana tu: tununue ya namna gani?

Mabishano ya kwanza yalikuwa juu ya simu. Wamama vijana walisema: simu moja nzuri inatosha, inapiga foto, inatuma papo hapo, tena inaita. Ni kweli, na kwa foto ya mchana mbele ya nyumba simu nyingi za leo zinaishinda kamera ya bei ndogo. Lakini wamama wakubwa walituuliza maswali mawili. La kwanza: simu ya chama italala nyumbani kwa nani, na nani atamkatalia bwana wa nyumba, au kijana wake, akitaka kuita? La pili lilikuwa zito zaidi. Mwaka uliopita foto ya msichana mmoja aliyejifungua ilitembea toka simu hadi simu mpaka ikamtangulia kwao. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Msichana yule alikaa ndani karibu mwezi mzima. Basi tulikubaliana: foto za wamama na watoto zikae katika kadi ya chama, ndani ya sanduku la chama, na zisiwe mfukoni mwa mtu mmoja. Simu ni ya mtu. Kamera inaweza kuwa ya wote.

Mabishano ya pili yalikuwa juu ya moto wa umeme. Hapa kwetu tunachaji kwa sola, na siku za mawingu sola inatoa kidogo. Kamera nyingi za kisasa zina betri yake ya pekee, bapa, ambayo ikizeeka ni kuitafuta Kisangani, na pengine Kisangani nako haipo. Kamera nyingine zinakula betri ndogo za AA, kama zile za redio, mbili au nne. Tukachagua hizo, na msikie vema jambo hili: betri za bei rahisi za sokoni zinawasha redio siku nyingi, lakini kamera inazimaliza baada ya foto chache tu, kwa sababu inavuta nguvu nyingi kwa mara moja. Dawa yake ni betri za AA za kuchajiwa, zilizoandikwa NiMH. Seti mbili zinatosha: moja ndani ya kamera, moja kwenye sola.

Sanduku lilikuwa na dola 95, matunda ya likelemba, ya mpunga tuliotwanga pamoja, na ya foto tulizouza siku za ubatizo. Tuliwatuma wamama wawili Kisangani: mmoja anayejua kamera, mmoja anayejua kubembeleza bei. Walikaa siku mbili, wakazunguka maduka kwa toleka na kwa miguu. Waliona kamera za aina tatu.

Aina ya kwanza ilikuwa mpya, inang'aa, na jina lake halijulikani. Kwenye boksi waliandika megapikseli 48. Mwuzaji alizisifu kama mtu anayesifu mbuzi mnono. Mama yetu alipiga foto ya ukurasa wenye maandishi madogo, akaikuza kwenye kioo: herufi zilikuwa zimeyeyuka kama sabuni kwenye maji. Tujue jambo hili: megapikseli ni hesabu ya vitone vinavyojenga foto. Kwa foto ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15, ile tunayoipenda ukutani, megapikseli 2 au 3 zinatosha. Kinacholeta usafi wa foto ni lensi nzuri na kile kijiwe cha ndani kinachopokea mwanga. Kamera nyingine zina kijiwe kidogo, kisha programu inazidisha vitone kwa kubahatisha, ili boksi liandikwe namba kubwa. Ni kama kuongeza maji katika supu na kusema supu imekuwa nyingi.

Aina ya pili ilikuwa Olympus Tough, kamera isiyoogopa maji, inayoweza kuzama mita 15 na kutoka hai. Wamama wetu waliitazama kwa macho ya tamaa, maana sisi ni watu wa mtoni. Lakini bei yake ilikuwa mara tatu ya sanduku lote. Waliirudisha kwa heshima.

Aina ya tatu ilikuwa Canon PowerShot iliyokwisha tumika, ya betri mbili za AA, megapikseli 10, na zoom ya lensi yenyewe mara 3. Tukumbuke tofauti: zoom ya lensi inasogeza kitu karibu kwa kweli, lakini zoom ya dijitali inakata kipande cha foto na kukivuta, nacho kinachanikachanika. Mwuzaji aliomba dola 80. Walimaliza kwa 58.

Kabla ya kutoa pesa walifanya vipimo vitano, na tunaviandika hapa ili na ninyi mvikate na kuvibandika.

Kwanza, waliigeuza lensi kuelekea mwanga, wakaangalia ndani. Katika hewa yetu ya unyevu, ukungu huota ndani ya kioo kama uzi wa buibui. Ukiuona, uiache kamera hiyo.

Pili, waliifungua na kuifunga mara kumi. Lensi inayotoka kwa kukwama, au inayolia kama ina mchanga, itakufa karibuni.

Tatu, walipiga foto ya ukuta mweupe, kisha ya giza la ndani ya mfuko. Vitone visivyohama katika kila foto ni alama ya uchafu au ya ugonjwa wa ndani.

Nne, walijaribu flashi, mbali na karibu. Harusi zetu zinaendelea mpaka usiku.

Tano, walifungua mlango wa betri. Kutu ya kijani au ya nyeupe inaonyesha kwamba betri ziliwahi kuvuja humo.

Kwa kadi walikuwa wakali zaidi, maana kadi za uongo ni nyingi sokoni. Imeandikwa GB 32, kumbe ndani ni 4, na foto zinazozidi zinapotea bila kelele. Tena kamera za zamani sana hazisomi kadi zinazopita GB 2. Kwa hiyo kadi inunuliwe kamera ikiwa mkononi. Walichukua mbili za GB 8, wakazijaza kabisa mbele ya mwuzaji, wakafungua foto ya kwanza na ya mwisho. Zote zilionekana. Pesa iliyobaki ilinunua betri nane za kuchajiwa na chaja yake, na kilichobakia kililipa safari ya kurudi.

Pengine wengine watauliza: kamera ya mtu mwingine, ya megapikseli 10, si ni kitu cha zamani? Tuwakumbushe kamera ya kwanza ya dijitali, iliyotengenezwa na Steven Sasson huko Kodak, Marekani, mwaka 1975. Ilikuwa nzito kama mtoto mchanga, ilipiga foto ya rangi nyeusi na nyeupe tu, na ilichukua sekunde 23 kuiandika foto moja katika kaseti. Kodak wenyewe hawakuona faida yake. Vitu hivi vinakua upesi, lakini kazi yake ni ileile: kushika uso wa mtu ili usipotee. Na tusijione wageni mbele ya mashine hizi. Tantali iliyomo ndani ya vifaa vingi vya namna hii inatoka katika koltani, na koltani nyingi inachimbwa Kivu. Kobalti ya betri za simu inatoka zaidi Kolwezi na jirani zake. Kipande cha nchi yetu kinarudi kwetu kupitia dukani, nasi tunakilipia.

Tena katika nchi yetu foto imewahi kuwa shahidi mkubwa. Mwaka 1904, huko Baringa, kwenye mto Maringa, baba mmoja aitwaye Nsala alifika misheni amebeba mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano aliyeuawa katika mambo ya kaucho ya mfalme Leopold. Mwanamke wa misheni, Alice Seeley Harris, alimpiga foto akiwa ameketi anavitazama. Foto ile na nyingine zilionyeshwa Uingereza na kwingineko, na watu waliokuwa wakisema ni uongo walinyamaza. Mwaka 1908 Leopold aliiachia Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Mateso hayakuisha siku ile, lakini kanusho liliisha nguvu. Sisi hatutafuti mambo makubwa hivyo. Tunajua tu kwamba kamera mikononi mwa mwanamke si kitu cha mchezo, na kwamba anayepigwa foto ni mtu, ana jina, ana baba na mama.

Kwa hiyo tumeweka taratibu. Hakuna foto bila kumwomba mwenyewe, na kwa mtoto tunamwomba mama yake. Akikataa, tunashukuru na kupita. Kila Jumamosi foto zinahamishiwa kwenye kompyuta, na kadi ya pili inabaki sandukuni. Kamera inalala ndani ya kopo lenye kifuniko cha kubana, pamoja na kifurushi cha mchele uliokaangwa bila mafuta na kupozwa, unaonyonya unyevu. Mchele huo tunaukaanga upya kila juma. Kwenye mtumbwi kopo hilo linafungiwa bidoni tupu, ili likianguka lielee. Na kila mwanachama anatoa franka 500 kwa mwezi kwa ajili ya siku ya matengenezo.

Foto ya karatasi tutaiuza kwa bei ya zamani. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaotaka foto ndogo za karatasi zao za shule waje siku ya soko asubuhi, wamevaa shati jeupe, jua likiwa bado laini. Wajane na wamama waliofiwa na watoto hawatalipa foto ya kwanza. Na yeyote mwenye mtoto aliyezaliwa tangu Pasaka amlete, akilala au akilia. Tutampiga hivyohivyo.