Usonji, Tumbo na Lawama kwa Mama



Tangu nianze kupokea watoto wenye usonji chuoni kwangu, swali ninaloulizwa zaidi na mama zao ni la chakula: “Sheikh, nimwachishe maziwa na mahamri? Nimeambiwa utumbo wake unavuja.”

Maneno hayo yana asili. Ukuta wa utumbo ni kama chujio: hupitisha virutubisho na kuzuia visivyofaa. Wapo waliodhani kwamba ukuta huo ukilegea, mabaki ya protini za ngano na maziwa hupenya hadi damuni, yakafika kwenye ubongo na kuleta usonji. Hiyo ni dhana. Watafiti waliuona ulegevu huo kwa baadhi ya watoto, kwa wengine hawakuuona. Na majaribio ya kuwaondolea ngano na maziwa hayajathibitisha kwamba usonji hupungua. Sehemu kubwa ya usonji hutokana na urithi, na mwanzo wake ni kabla mtoto hajazaliwa.

Lililo yakini ni kwamba watoto hawa husumbuliwa na tumbo kuliko wenzao, hasa kufunga choo. Asiyeweza kusema “tumbo laniuma” hulia usiku, hujipiga kichwa, hukataa kuguswa. Nasi twasema ana shetani. Mpelekeni kwa daktari atibiwe tumbo. Akitulia, mshukuruni Mola, lakini msidhani usonji umeondoka.

Wengi wao pia huchagua chakula. Yuko mwanafunzi wangu asiyekula ila chapati na maziwa. Akiondolewa hivyo viwili, atashiba kwa nini, na kalsiamu ya mifupa yake ataipata wapi? Anayetaka kubadilisha chakula cha mtoto na aanze kwa mtaalamu wa lishe.

Nina neno pia kwa mawifi, mama wakwe na majirani. Katika karne iliyopita, huko Marekani, wako madaktari waliodai kwamba usonji huletwa na mama asiye na mapenzi kwa mwanawe. Kauli hiyo ilibatilika, baada ya kuwaliza wengi. Tusiirudishe leo kwa mlango wa jikoni, tukimwambia mama kwamba ni chakula chake kilichomharibu mtoto. Mtoto ni amana yetu sote. Anayetaka kusaidia na amshike mtoto huyo saa moja, mama yake apate kulala.

Mwenyezi Mungu awape mama hawa subira na ujira mkubwa. Amin.