Koga, Ukoko au Utando?

Kwa miaka miwili hivi bafu letu hapa Cheyo lilikuwa na weupe uliofifia, uliong'ang'ania vigae vya ukutani na sakafu ya saruji. Niliuita koga. Mtu aliyefundisha Kiswahili sekondari muda mrefu huamini kwamba jina likimjia upesi ndilo lenyewe. Isitoshe, lilinipendeza: kuna koga nomino, na kuna koga kitenzi, ambacho wengi wa Pwani hukitumia pale sisi wa bara tusemapo oga, na yote mawili yalikutana bafuni mwangu. Beti mbili za tarbia zilikuwa tayari, kina cha mwisho kikiwa -ga.

Jina likanichagulia dawa. Koga ni ukungu unaoota penye unyevu, na ukungu huuawa kwa klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Nikanunua chupa, nikamwaga, nikasugua. Weupe ukatakata, lakini haukubanduka. Wiki ya pili dada yangu mkubwa, aliyevuka miaka sabini na anayeishi nasi, aliteleza akitoka kuoga, akaangukia mkono. Alifungwa plasta ngumu kwa wiki sita.

Aliyekuja kumjulia hali ni mwalimu mwenzangu mstaafu, mtu wa kemia. Alipoingia kunawa alikawia, nikamkuta akikwangua kigae kwa ukucha. "Hiki hakikuota, Mwalimu," akasema. "Hiki kimeungana."

Akanieleza kama anielezavyo mtoto wa kidato cha pili, nami nilistahili. Sabuni ya mche hupikwa kwa mafuta na kostiki. Ikikutana na maji magumu, yaani yenye chokaa, kama ya kisima chetu yanayokataa kutoa povu, asili ya mafuta iliyomo huachana na kostiki na kushikamana na chokaa. Kinachozaliwa hakiyeyuki majini. Hutanda, hukauka, na kikilowa tena huteleza. Klorini huua chenye uhai. Hapa hapakuwa na uhai wa kuuawa.

Dawa yake ni uchachu, wa siki au wa ndimu, unaovunja ule mshikamano. Nilichanganya siki na maji ya vuguvugu nusu kwa nusu, nikapaka vigae, nikangoja nusu saa, nikasugua kwa brashi na kusuuza. Mwenzangu alinikanya mambo mawili kwa sauti ambayo bila shaka wanafunzi wake wanaikumbuka. Kwanza, siki isikutane kamwe na klorini, kwa kuwa pamoja hutoa hewa inayodhuru mapafu. Niisuuze kabisa ile ya awali na nisubiri hadi kesho. Pili, siki isimwagwe juu ya saruji, maana saruji nayo ina chokaa na italika. Sakafu tukaiosha kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ngumu, siku tatu mfululizo. (Wapo wanaochanganya magadi na siki wakafurahia povu. Povu ni zuri kutazama, ila hao wawili wameshamalizana nguvu. Magadi yafaa zaidi kutiwa kwenye ndoo ya maji ya kisima kabla ya kufua, chokaa ijitenge na kutuama.)

Likabaki jina. Jirani husema ukoko, nami siwezi: ukoko kwetu ni ule wa sufuria ya wali, tulioupigania utotoni. Mwenzangu alipendekeza "chokaa-sabuni", nikamwomba abaki na kemia yake. Neno sabuni lenyewe ni la Kiarabu, na mji huu, uliopokea misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, umezoea kupokea vitu pamoja na majina yake; lakini mabaki haya yalifika bila jina. Nimechagua utando wa sabuni, kwa sababu ya kitenzi tanda: wingu hutanda, na hiki kimetanda. Zile beti za -ga nimezifuta.

Dada hakungoja uamuzi wangu. Kila asubuhi, kabla ya kuvuka kizingiti cha bafu, husimama akishika mlango kwa mkono uliopona.

"Mdogo wangu, utelezi umeutoa?"

"Nimeutoa, dada."

Hugusa sakafu kwanza kwa kidole gumba cha mguu, ndipo aingie.