Dadu za Istanbul

Mji wa Istanbul katika nchi ya Uturuki umekaa pande mbili za mlango wa bahari, upande mmoja ukiwa Ulaya na wa pili Asia. Mgeni apitaye katika vichochoro vyake huona mikahawa mingi, na ndani yake husikia mlio wa dadu zikigonga ubao. Mchezo huo huitwa tavla. Desturi hii ni ya zamani. Mkahawa ulifunguliwa mjini humo yapata mwaka 1554, katika mtaa wa Tahtakale, na watu wawili, mmoja wa Halab na mwenziwe wa Dameski. Na Peçevi, mwandishi wa historia, alisimulia kwamba wateja walicheza mchezo huo pamoja na sataranji.

Tavla ni mchezo wa watu wawili. Kila mmoja ana kete 15, naye huzisogeza katika nafasi 24 kwa hesabu ya dadu mbili. Amalizaye kuzitoa kete zake kwanza ndiye mshindi. Wajuzi wa bao wataona tofauti mara moja. Katika bao mambo yote yako wazi mbele ya macho, na ashindwaye hana wa kumlaumu. Katika tavla bahati ina fungu lake, na palipo na bahati pana nafasi ya hila.

Dadu mbili huweza kuanguka kwa njia 36, na sita mbili ni njia moja tu kati ya hizo. Tena sita mbili ni mali, kwa kuwa dadu zikilingana mchezaji huenda mara 4 badala ya 2. Kwa hiyo wako watu waliojizoeza kuibana dadu vidoleni na kuitelezesha ubaoni isibingirike, ili ionyeshe namba waitakayo. Waturuki huiita hila hiyo "kushika dadu." Mtu awezaye kushika dadu moja tu ionyeshe sita, atapata sita mbili kwa wastani mara 1 katika kila 6, badala ya mara 1 katika 36.

Dawa yake ni kutupa dadu zibingirike hata zigonge ukingo wa ubao, na moja ikiegemea kete, zote mbili zitupwe tena. Katika mashindano ya Ulaya na Marekani dadu hutikiswa kwanza ndani ya kikombe.

Tahadhari hiyo si ngeni Istanbul. Zamani, mji ulipoitwa Constantinople, Kaisari Zeno, aliyekufa mwaka 491, alicheza mchezo uliofanana na huu kwa dadu 3. Agathias, mshairi wa karne ya 6, alieleza kwamba dadu zilipitishwa katika mnara mdogo wa mti wenye ngazi ndani yake. Zikatoka 2, 5 na 6. Kete za Kaisari zikatawanyika moja moja, na mchezo ukamharibikia. Mtu aliyeamrisha majeshi hakuweza kuziamrisha dadu.

Mnara ule haukuwa tusi kwa Kaisari. Kanuni njema humzuia mwongo, lakini faida yake kubwa ni ya mwaminifu: apatapo sita mbili, hapana wa kumshuku, na aliyeshindwa hulipa chai akaenda zake kwa amani. Kanuni ikidharauliwa, hata bahati ya halali huonekana wizi, na urafiki wa miaka mingi huweza kuvunjika kwa ajili ya glasi ya chai. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.